Sungura Naye Husema: Sauti Zake na Maana Zake

Nyuma ya nyumba nyingi za askari hukutwa kizimba kidogo cha sungura. Baba amekijenga kwa mbao za masanduku na wavu, na watoto ndio wakataji wa majani. Kwa kuwa mnyama huyo halii kama mbuzi wala hawiki kama jogoo, wengi humdhania kuwa bubu. Dhana hiyo si ya kweli, na mara nyingine humgharimu mfugaji mnyama wake.

Yafaa kwanza kujua asili yake. Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa mwitu wa Hispania na Ureno, waishio kwa makundi katika mashimo ardhini. Mnyama awindwaye na wengi hana faida ya kupiga kelele. Ndiyo maana sauti zake ni chache na za chini, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni kishindo. Sungura ahisipo hatari hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma, ili wenzake walio shimoni wapate habari. Kazi yake ni ile ya askari wa zamu apigaye kengele ya hatari. Mama asikiapo kishindo hicho usiku, asigeuke upande wa pili akalala, bali achukue taa akatazame. Huenda ni paka, mbwa au nyoka. Huenda pia ni siafu, ambao huweza kuwamaliza watoto wa sungura kabla ya mapambazuko. Kinga ya siafu ni kusimamisha miguu ya kizimba ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu ya gari.

Ya pili ni kusaga meno, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto ampapasapo kichwani taratibu, sungura husaga meno polepole, macho yamefumba nusu. Hiyo ni raha. Lakini akisaga kwa nguvu, naye amejikunyata pembeni na kukataa majani, hayo ni maumivu. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake lisipopata chakula huacha kufanya kazi. Asiyekula wala kutoa choo kwa nusu siku yumo hatarini. Apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo, asingojewe kesho.

Ya tatu ni kuguna. Mgumo mfupi wenye ukali ni hasira: sungura analinda mahali pake. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua siku 31 hivi, au mwenye watoto, huguna mkono uingiapo kizimbani. Aachwe atulie, la sivyo atauma. Dume naye hutoa mgumo mwororo huku akizunguka miguu ya mtu au ya mwenzake. Huyo anatafuta jike.

Kupiga chafya mara kwa mara, pamoja na kamasi puani, si mazungumzo bali ni ugonjwa, nao huambukiza. Mgonjwa atengwe na wenzake, na bwana mifugo aarifiwe.

Ya mwisho ni yowe, mfano wa kilio cha mtoto mchanga. Sungura hulitoa kwa nadra, anapokuwa katika hofu kuu au maumivu makali. Mara nyingine chanzo si mbwa, bali ni mtoto wa nyumbani aliyemnyanyua kwa masikio. Watoto wafundishwe kumbeba kwa mikono miwili: mmoja chini ya kifua, wa pili ukishikilia makalio, kwa maana sungura akirusha miguu kwa nguvu huweza kuvunjika uti wa mgongo.

Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, mmoja wa nyumbani asimame kando ya kizimba kwa dakika chache, asikilize. Aliyekwisha kuijua sauti ya sungura mzima hatachelewa kuitambua ya mgonjwa.