Paka Mwenye Kisukari: Kipimo cha Insulini na Mwendo wa Sukari katika Damu

Ugonjwa wa kisukari si wa binadamu peke yake. Mbwa huupata, na paka pia. Huko Mgololo, wilayani Mufindi, penye kiwanda cha karatasi na kituo cha reli ya TAZARA, kama ilivyo kwingineko katika nyanda za juu za kusini, paka hufugwa ili walinde mahindi dhidi ya panya. Paka awindaye usiku kucha hanenepi kwa urahisi. Lakini yule akaaye ndani, alalaye karibu na jiko kwa ajili ya baridi na kushibishwa kila saa, huweza kunenepa. Na unene, pamoja na uzee na kuhasiwa kwa dume, ni miongoni mwa mambo yanayomsogeza karibu na maradhi haya.

Dalili zake huonekana kwa macho. Paka hunywa maji mengi, hukojoa sana, na hukonda ingawa anakula vizuri. Wengine miguu ya nyuma hulegea hata wakatembea kwa kukanyagia visigino.

Sukari na insulini

Chakula kikishasagwa tumboni, glukosi huingia katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huziwezesha seli za misuli na za mafuta kuipokea glukosi hiyo, na kulizuia ini lisiitoe kupita kiasi. Kwa paka mzima, damu huwa na glukosi ya milimoli 4 hadi 7 hivi katika kila lita. Insulini ikipungua, au seli zikiacha kuitii, glukosi hurundikana. Ikipita milimoli 14 hadi 16, figo za paka hushindwa kuirudisha yote katika damu. Sukari hiyo huingia katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo kwa osmosisi. Ndiyo sababu ya kiu isiyokwisha.

Ujuzi huu wote ulianzia kwa wanyama. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto, Banting na Best walipata dawa kutoka katika kongosho za mbwa, na mwezi Januari 1922 mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu akachomwa sindano ya dawa ya namna hiyo. Insulini ya paka yenyewe hutofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu, na ya binadamu kwa nne. Ndiyo maana insulini ya kiumbe mmoja huweza kumsaidia mwingine.

Mtego wa kuongeza dawa

Paka wengi huanzishwa na daktari wa mifugo kwa kipimo kidogo, kwa kawaida yuniti 1 kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Chukulia kwamba paka mmoja wa Mgololo, mwenye kilo 5, anapata yuniti 2 asubuhi na yuniti 2 jioni. Sukari yake inapimwa kila baada ya saa mbili, kwa tone dogo la damu ya sikioni, na matokeo yanakuwa haya:

Saa 1 asubuhi, kabla ya sindano: 19
Saa 3: 13
Saa 5: 8
Saa 7 mchana: 6
Saa 9: 9
Saa 11 jioni: 14
Saa 1 usiku, kabla ya sindano: 18

Mwenye paka akipima asubuhi na jioni tu, ataona 19 na 18, na kusema kwamba dawa haitoshi. Lakini akizidisha kipimo maradufu, ile 6 ya mchana yaweza kushuka chini ya 3, na hapo ubongo hukosa chakula chake. Paka hupepesuka, hutetemeka, huingiwa na degedege, na huweza kufa siku hiyo hiyo. Kasoro haiko katika wingi wa dawa bali katika muda wake: nguvu ya dawa inakwisha kabla ya saa 12. Tiba yake ni daktari kubadili aina ya insulini au utaratibu wa chakula, wala si kuongeza yuniti.

Tena, hofu peke yake hupandisha sukari ya paka. Aliyesafirishwa kikapuni na kushikwa na wageni huweza kuonyesha namba kubwa isiyotokana na upungufu wa dawa. Vipimo vya nyumbani, paka akiwa ametulia, huaminika zaidi.

Hesabu ya bomba la sindano

Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 katika mililita moja. Baadhi ya zile za wanyama zina yuniti 40. Kila aina ina bomba lake. Alama ya yuniti 1 katika bomba la 40 ni mililita 0.025. Ujazo huo ukiwa wa insulini ya 100, una yuniti 2.5. Paka atakuwa amepewa dawa mara mbili na nusu ya aliyoandikiwa, ingawa alama imesomwa sawasawa.

Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, wala isigande. Umeme ukikatika, chungu cha udongo kilicholoweshwa hupooza kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliotumia vipimo vya joto vya kambi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kuwa insulini za binadamu zilizojaribiwa hazikupoteza nguvu kwa majuma manne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37.

Paka akilegea baada ya sindano, apakwe asali au maji ya sukari kwenye ufizi, naye apelekwe kwa daktari upesi. Aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani. Akikataa kula, asichomwe kipimo cha kawaida kabla daktari hajaulizwa.

Jambo la mwisho ni la furaha, ingawa lina hatari yake. Baadhi ya paka waliotibiwa mapema, wakapunguzwa unene na kulishwa nyama zaidi kuliko wanga, hupona hata wasihitaji sindano tena. Kwa paka wa namna hiyo, kipimo kilichomwokoa mwezi uliopita chaweza kumwua mwezi huu. Kwa hiyo kupima hakukomi hata paka anapoonekana mzima.