Biashara ya darubini: Mwindaji na mtazama ndege hawanunui kitu kimoja

Wafanyabiashara wadogo wanaotaka kuingiza darubini kwa ajili ya soko la utalii la Arusha, Moshi na Dar es Salaam wanakabiliwa na swali ambalo wengi hulijibu baada ya mtaji kwisha: nani atainunua? Soko hili lina wateja wa aina mbili, wa uwindaji wa kitalii na wa utazamaji wa ndege, na kifaa kinachompendeza mmoja chaweza kukaa ndani ya kabati la kioo mwaka mzima kikimsubiri mwingine.

Ieleweke kwanza kwamba mteja huyo kwa kawaida si mtalii. Mwindaji kutoka Marekani au mpenzi wa ndege kutoka Uingereza hushuka kwenye ndege akiwa na darubini yake shingoni, na ikiwa ni ya ngazi ya juu ya Zeiss, Leica au Swarovski, bei yake hupita dola 2,000. Mnunuzi wa hapa ni dereva mwongozaji, mfuatilia nyayo, mwindaji bingwa anayeanza kazi, au kambi inayohitaji jozi chache za kuwaazima wageni. Hawa hutumia darubini kila siku, kwenye vumbi na mvua, na hawana fedha za kununua mara mbili.

NAMBA MBILI ZA KWENYE MWILI WA DARUBINI

Kila darubini huandikwa namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5.25, ya 10x42 hutoa 4.2, na ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 hutoa 2.5 tu. Mchana mboni ya jicho hujibana, hivyo tofauti haionekani sana. Alfajiri na jioni mboni hupanuka, kwa kijana hufikia karibu milimita 7, na hapo 10x25 huwa giza tupu.

Hesabu hii ndiyo inayowagawa wateja. Kazi ya uwindaji hufanyika zaidi mwanga unapokuwa hafifu. Chui huja kwenye chambo jua likiwa linazama, na nyati huanza kufuatiliwa kunapopambazuka. Kwa hiyo watu wa vitalu hupenda 10x42, au 8x42 kwa walio kwenye vichaka vizito, na wachache hubeba 8x56 licha ya uzito wake. Wanachohitaji kuona ni maungo ya mnyama: je, pembe za nyati zimeshikana na kukomaa utosini? Tangu mwaka 2010 kanuni za uwindaji wa kitalii nchini zimetaka simba dume anayewindwa awe ametimiza miaka 6, na umri huo hukadiriwa kabla ya risasi kutoka, kwa kutazama manyoya ya shingo, rangi ya pua na makovu ya usoni. Darubini mbovu hapo huleta hasara kubwa kuliko bei yake.

Mtazama ndege ana shida nyingine kabisa. Ndege mdogo kama chozi hatulii, hivyo inatakiwa darubini yenye uwanja mpana wa kuona. Nyingi za 8x42 huonyesha kiasi cha mita 130 au zaidi kwa umbali wa mita 1,000, wakati za 10x42 mara nyingi huonyesha karibu mita 110. Vilevile inatakiwa iweze kuona karibu, mita 2 hivi, kwa sababu katika misitu kama ya Amani ndege aweza kutua kwenye kichaka kilicho mbele ya miguu. Darubini nyingine zilizotengenezwa kwa wawindaji hazioni vizuri kitu kilicho chini ya mita 4 au 5. Mwindaji halioni hilo kuwa kasoro, mtazama ndege atairudisha siku hiyohiyo. Rangi nayo lazima iwe ya kweli, maana aina mbili za ndege zaweza kutofautiana kwa doa tu.

Jambo moja husahaulika sana. Wapenzi wengi wa ndege ni watu wazima wanaovaa miwani, na mwenye miwani huhitaji darubini inayoonyesha picha yote jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo. Kambi inayonunua jozi za kuazimisha wageni bila kuliangalia hilo itasikia malalamiko.

DARUBINI YA JICHO MOJA

Ile darubini ndefu ya jicho moja, inayosimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, ndiyo inayofunga mitaji mingi. Huko Marekani, mwindaji wa kondoo wa milimani hukaa nayo saa nzima akichunguza mteremko wa ng'ambo. Kwenye miombo ya Tanzania macho hukatizwa na miti, na mnyama husogelewa kwa miguu, kwa hiyo vitalu vingi huitumia kidogo. Anayeihitaji huchukua ndogo, ya lenzi ya milimita 60 au 65, iliyonyooka, anayoweza kuielekeza haraka akiwa garini.

Kwa watu wa ndege ni chombo cha lazima. Heroe wa Ziwa Natron au ndege wa pwani kwenye matope ya delta ya Rufiji huwa mbali mno kwa darubini ya mkononi. Hao hutaka lenzi ya milimita 80 au zaidi na jicho lililopinda, kwani watu warefu na wafupi huweza kuchungulia kwa zamu bila kuhamisha stendi. Ukuzaji wa mara 60 usimvutie mtu sana: kuanzia saa nne asubuhi joto la ardhi hutetemesha picha, na kupita mara 30 au 40 mara nyingi hakuongezi kitu. Stendi dhaifu huiharibu hata darubini nzuri, nayo iingizwe kwenye bei.

MZIGO WA KUEPUKWA

Masokoni kuna darubini zilizoandikwa 30x60 na kuendelea, zenye vioo vyekundu vinavyong'aa. Wekundu huo huakisi sehemu ya mwanga ambao ungefika jichoni. Namba zake hupimwa kwa rula ya mwanafunzi: ishike darubini mbali na uso ikielekea mwangani, pima duara la mwanga kwenye kioo cha nyuma, kisha pima lenzi ya mbele. Lenzi ikiwa milimita 28 na duara milimita 4, darubini hiyo hukuza mara 7, hata kama mwilini imeandikwa 30. Duara likiwa na kingo za kijivu kama pembe nne, prizimu zake ni za kioo cha daraja la chini.

Tuseme mfanyabiashara ana Sh milioni 6. Akinunua jozi 100 za Sh 60,000 na kuziuza kwa Sh 85,000, kwenye karatasi atapata faida ghafi ya Sh milioni 2.5. Akinunua jozi 12 za 8x42 zisizopenyeza maji kwa Sh 500,000 na kuziuza kwa Sh 650,000, atapata Sh milioni 1.8. Lakini ili jozi za bei rahisi zifikie hiyo milioni 1.8, lazima ziuzwe 92 bila hata moja kurudishwa, na waongozaji wa mji mmoja wanafahamiana. Hizo 12 nazo zina hatari yake: kila inayokaa dukani imekalia laki tano.

Kwa wenye maduka ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo. Mzigo wa mkononi umulikwe kwa tochi kabla ya kulipiwa. Kuvu huonekana kama utando wa buibui.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai 1, hivyo kambi hufanya manunuzi kabla ya hapo. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwapo takriban Oktoba hadi Aprili, na waongozaji wa ndege huulizia vifaa kuanzia Septemba. Anayelenga Kenya akumbuke kwamba uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku huko mwaka 1977. Mzigo unaokwenda Nairobi uwe wa ndege na safari za kawaida. Darubini za jicho moja ziagizwe kwa oda tu, mteja akiwa ameshalipa angalau nusu ya bei.