SURA YA NANI JUU YA JALADA?

Wako watu wanaodhani kwamba jalada la jarida ni pambo tu, kama kilemba cha bwana harusi, na kwamba kazi yenyewe imo ndani. Wafikirio hivyo hawajapata kusimama asubuhi mbele ya muuza magazeti pale Mnazi Mmoja au kando ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Muuzaji huyo huyatandaza magazeti yake chini, moja likililalia jingine kama vigae vya paa, hata kinachoonekana cha kila moja ni kipande cha juu tu. Mbele yake husimama kundi la watu, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari pasipo kutoa hata senti. Kwa watu hao jalada ndilo jarida zima.

Nayasema haya kwa kuwa vijana wanaotayarisha jarida moja la wanafunzi wa sekondari waliniita katika ofisi yao ndogo, ghorofani, katika mtaa mmojawapo wa Kariakoo, niwape maoni juu ya jalada la toleo litakalozungumzia kiwango cha elimu. Waliniita, nadhani, kwa sababu mimi ni kada wa Chama, nao walitaka kujua mapema kama wakubwa watanuna. Nilikwenda nikiwa na nia ya kuwatuliza tu. Nilijikuta nabishana nao mpaka adhana ya alasiri.

Mezani palikuwa na michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa sifuri kubwa nyekundu, na ndani yake ameketi mwanafunzi aliyevaa sare, kichwa amekiinamisha. Wa pili ulikuwa picha ya vijana waliovaa majoho, wanacheka, nyuma yao jua linachomoza. Ule wa kwanza uliwapendeza wote kwa sababu unaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Mimi ndio ulionikera zaidi, na sababu zake hazikuwa za Chama.

Ndugu msomaji atakumbuka kwamba matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya laki mbili na arobaini elfu walipata daraja sifuri, yaani kiasi cha wanafunzi sita katika kila kumi. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Mizengo Pinda, aliunda tume, na mwezi Mei Serikali ikalieleza Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu wa zamani wa madaraja. Yakapangwa. Waliofaulu wakapanda kutoka asilimia 34 hivi hadi 43 hivi. Maelfu ya watoto walikuwa wamefeli Februari na wamefaulu baada ya Mei, ilhali karatasi za majibu zilikuwa zile zile, na hakuna aliyeongeza wala kupunguza nukta. Mwaka uliofuata daraja la kwanza hadi la nne likaachwa, ukaja wastani wa alama. Haikupita miaka miwili, mwanzoni mwa 2016, tukaagizwa kurudi kwenye madaraja.

Sisemi kwamba waliofanya hayo walikuwa na nia mbaya. Lakini mtu aliyelelewa jirani na soko la Kariakoo anajua neno moja: mnunuzi akikuta kilo ya leo si sawa na kilo ya jana, halaumu mchele. Anaitazama mizani. Sasa iwapo mizani yenyewe ilibadilishwa mara tatu katika muda mfupi hivyo, kwa haki gani tumchukue mtoto wa miaka kumi na saba, tumketishe ndani ya sifuri nyekundu, tumtundike kwa kibanio barabarani? Mtoto huyo alianza kidato cha kwanza mwaka 2009, katika wimbi la shule za kata, nyingi zikiwa na kuta kabla ya kuwa na walimu wa hesabu. Hakuzijenga yeye.

Kijana mmoja, msichana kutoka Pemba anayesoma hapa mjini, aliongeza jambo ambalo sisi wa Bara hatukuwa tumeliona. Kichwa cha jalada kilisema, "Shule Zetu Zina Nini?" Akauliza, "Na skuli zetu je?" Wenzake walicheka, lakini alikuwa na hoja. Elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Unguja na Pemba zina wizara yake, na kumbukumbu yao kubwa ni tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo. Baraza la Mitihani la Taifa, hata hivyo, ni jambo la Muungano. Mtoto wa Wete na mtoto wa Ilala hufundishwa chini ya wizara mbili, kisha huketi mbele ya karatasi moja ya mtihani. Jarida linalovuka bahari likiwa na neno la upande mmoja tu litaonekana la wageni tangu bandarini Malindi. Neno "shule" likaondolewa.

Huo mchoro wa majoho sitauzungumzia sana. Ni uongo wa kupendeza, na ofisini kwetu uongo wa namna hiyo hupitishwa haraka kuliko ukweli wenye makosa ya herufi. Mhariri aliutengeneza kwa hofu, akanikumbusha kwamba mwaka 2005 Serikali ililizuia shirika la HakiElimu kuchapisha habari na tafiti zake juu ya shule. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba baadaye zuio hilo liliondolewa. Nilimwambia niaminivyo: katika muda ule wa zuio hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kusoma kwa ajili yake.

Kwa hiyo tuweke nini? Hapo nilikumbuka chuoni. Maalimu wetu hakuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka wala cheti. Alikuwa na kikoto, ambacho sikisifu, na alikuwa na sikio. Kila mtoto aliitwa peke yake, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma. Akikwama, anabaki pale pale kesho na keshokutwa. Akipita, anageuziwa ukurasa. Hakuna aliyevushwa juzuu kwa kuwa umri umefika. Nilipoingia skuli ya Serikali tulikuwa wengi darasani, na mtu aliweza kujificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe miaka mingi. Watu wa Uwezo, walipoanza uchunguzi wao nchini mwaka 2010, waliufuata utaratibu ule ule wa maalimu pasipo kukusudia: walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakamsikiliza. Waliona kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu hivi tu walioweza kuisoma ya Kiswahili.

Basi mchoraji alifuta sifuri, akachora ukurasa wa kitabu uliofunguka na kidole cha mtoto kimesimama katikati ya mstari. Uso hauonekani. Juu kabisa, pale ambapo gazeti la jirani halitapafunika, maneno mawili: "Nani Ananisikiliza?" Rangi ni mbili, nyeusi na kijani, maana fedha ya rangi nne haikuwepo, na kusema kweli imependeza zaidi hivyo.

Vifurushi vya visiwani vitapakiwa kwenye boti mara kazi ya uchapaji itakapokwisha. Nawaomba maofisa wa elimu wa wilaya na walimu wakuu watakaovipokea wavikate kamba siku ile ile na kuvigawa madarasani na dahalia. Nimepata kuona katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, majarida ya wanafunzi ya miaka miwili yamefungiwa kabatini, kamba bado mbichi, na ufunguo umesafiri na mtu aliyehamishwa.