Utunzaji wa Bia ya Chupa Nyumbani



Malipo ya kahawa yanapotoka, harusi na karamu huwa nyingi hapa Kanoni na kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mwenye shughuli hununua makreti ya bia siku kadhaa kabla, akayapanga uani. Siku ya karamu wageni huonja na kukunja uso, na lawama humwangukia mwenye duka. Lakini mara nyingi bia hiyo imeharibikia uani pale pale, na fedha ya jasho la msimu mzima imepotea bure.

Bia ina maadui watatu: mwanga, joto na muda.

Uchungu wa bia hutokana na maua ya mmea uitwao hopsi. Mwanga wa jua hubadili uchungu huo ukawa kitu chenye harufu kama ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na isiyo na rangi ni kama haizuii kitu. Bia iliyomo huweza kuharibika kwa dakika chache tu juani. Kwa hiyo yafunikeni makreti kwa gunia au turubai hata yakiwa kivulini.

Joto huharakisha uchakavu wa bia, ikapata ladha kama ya karatasi iliyolowana. Nyanda zetu zina hewa ya baridi, lakini chumba kilichoezekwa bati bila dari huwaka moto mchana. Chagueni chumba chenye dari au kilicho upande usiopigwa na jua la alasiri, mbali na jiko, na makreti yakae sakafuni. Chupa zisimame wima, vizibo visishike kutu.

Kuhusu muda, bia nyingi za viwandani hupashwa moto ili kuua hamira iliyobaki. Haziongezeki uzuri kwa kukaa. Someni tarehe iliyoandikwa kwenye chupa, na zilizotangulia kununuliwa zitangulie kunywewa.

Mwenye jokofu asiweke chupa katika sehemu ya kugandishia akazisahau. Bia huganda chini kidogo ya nyuzi 0, hutanuka na kupasua chupa. Asiye na umeme azifunike chupa kwa gunia lililoloweshwa, kivulini penye upepo; maji yanapokauka huchukua joto la chupa.

Sasa tuyatazame mambo mawili yanayohusu usalama wa watu.

La kwanza ni rubisi. Baadhi ya watu huitia katika chupa za bia na kuzifunga kwa nguvu. Rubisi haifanani na bia ya kiwandani: hamira yake ingali hai, nayo huendelea kutoa hewa. Hewa hiyo ikikosa njia, chupa hupasuka, na vigae vyake huweza kumtoa mtu jicho. Rubisi iwekwe katika chombo kinachopumua, nayo inywewe mapema.

La pili ni chupa tupu. Ni mwiko kutia mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu katika chupa ya bia. Mtoto au mgeni mwenye kiu hataiuliza chupa ina nini; ataipeleka kinywani. Dawa ibaki katika chombo chake chenye maandishi, mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Chupa tupu zirudishwe dukani pamoja na makreti yake.

Makatibu wa vyama vya msingi nao wakumbuke kwamba ghala la kahawa si mahali pa kuhifadhia bia za karamu. Chupa moja ikivunjika hulowesha magunia, na kahawa iliyokwisha kukauka hunyonya unyevu na harufu, ikashuka daraja. Hasara hiyo huwa ya wanachama wote.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya katika mikutano yao kabla ya malipo kuanza.