Kwa Nini Chama Kitoe Fedha kwa Utafiti wa Chuo Kikuu



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliuliza swali ambalo mimi katibu sikulijibu vizuri, kwani wakati ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wakingoja adhana ya alasiri. Alisema: “Mtoto wa jirani yangu ameanguka mkarafuu, mgongo umevunjika, yu kitandani. Nanyi mwataka kumpa mwalimu wa chuo kikuu fedha ahesabu walioanguka. Je, kuhesabu kutamnyanyua?”

Swali hilo ni la haki. Kwa wasiokuwapo, Kamati imeleta shauri kwamba kila mwanachama akatwe shilingi 20 kwa kila kilo ya karafuu atakayouza, kwa misimu miwili. Fedha hizo ziungane na mchango wa chuo kikuu, nacho kitatoa mwalimu, wanafunzi na kazi ya hesabu, ili ichunguzwe kwa nini watu huanguka na ni kipi kitakachowazuia wasianguke.

Kuhesabu hakutamnyanyua kijana yule. Msaada wake watoka katika mfuko wa maafa, na mfuko huo hautaguswa hata senti. Lakini kinga si kama tiba. Mgonjwa akitibiwa akapona, sote twamwona akitembea. Mtu ambaye hakuanguka haji kushukuru, wala yeye mwenyewe hajui kwamba ameokoka. Basi hapana njia ya kujua kama kinga imefaa ila kuwahesabu waliokingwa na wasiokingwa, kisha kuwalinganisha. Tukiacha hayo twabaki na dhana, na dhana njema yaweza kudhuru. Ushahidi wa neno hili ulipatikana papa hapa Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walishirikiana na watu wa afya wa Pemba kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na foliki. Watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu, na chuma huongeza damu, nani angeshuku? Watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa chuma, wengine hawakupewa. Mwezi wa Agosti 2003 chuma kikasimamishwa. Kamati iliyokuwa ikiangalia hesabu iliona kwamba waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, na ziada hiyo ilikuwa asilimia 12. Katika mahali penye malaria nyingi, chuma kilichogawiwa ovyo kilikuwa hatari. Lakini wale waliopimwa wakaonekana wana upungufu wa chuma kweli, na malaria yao ikatibiwa kwa ukaribu, kiliwafaa. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba katika nchi za malaria watoto wadogo wasigawiwe chuma kwa jumla bila kupimwa, na baadaye likaagiza kwamba chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Fikirini, ndugu zangu. Lau chuma kile kingegawiwa kwa nia njema bila ya kuhesabu, nani angetambua? Kila mzazi aliyefiwa angesema ni kudura ya Mungu, nasi tungeendelea kugawa.

Mfano mwingine ni dawa ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga, iitwayo klorheksidini. Huko Nepal na Bangladesh ilipunguza vifo vya watoto. Ilipojaribiwa Pemba baina ya 2011 na 2014, kwa watoto zaidi ya 36,000, tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno hata haikuweza kusemwa kwamba dawa ndiyo iliyoileta. Dawa ni ile ile, mahali ni pengine.

Na kichocho je? Sisi tulipokuwa skuli mvulana aliyekojoa damu alinyamaza, akidhani ni jambo la kupita. Tangu mwisho wa 2011 hadi 2017 palifanywa kazi kubwa katika shehia 90, yaani 45 Unguja na 45 Pemba. Shehia zote zilipewa dawa ya kichocho. Fungu moja lilipata dawa tu. La pili liliongezewa dawa ya kuua konokono katika mito na mabwawa. La tatu mafunzo ya kubadili mwenendo, ili watoto wasicheze wala kukojoa majini. Ugonjwa ulipungua sana, lakini haukukatika, na nyongeza zile mbili hazikuonyesha tofauti iliyo wazi juu ya dawa peke yake. Kwa hiyo baina ya 2020 na 2024, kaskazini ya Pemba, ikajaribiwa njia nyingine: palipobaki wagonjwa wachache watafutwe hao hao pamoja na maji waliyoyaingia, na palipobaki wengi zitumike silaha zote kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiyo kiini cha shauri letu. Fedha za kazi ile ya shehia 90 zilitoka kwa Wakfu wa Gates wa Marekani, zikapitia Chuo Kikuu cha Georgia, nacho kikazigawa kwa watafiti. Wataalamu walitoka Basel na London, wakafanya kazi na Wizara yetu ya Afya na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ile iliyopo Wawi, Chake Chake, tangu 2000. Lakini je, ni hao tu waliotoa? Masheha walitembea juani, walimu wakatoa saa zao, watoto wakatoa mikojo yao. Sisi tumechangia utafiti miaka mingi, ila hatujapata kukaa pale swali linapochaguliwa.

Anayelipa ndiye achaguaye swali. Malaria na kichocho vina wafadhili kwa sababu vinazisumbua nchi nyingi. Kuanguka mkarafuu kwamsumbua mkulima wa karafuu. Sidhani kama yupo tajiri wa mbali atakayeamka asubuhi akawaza tawi la mkarafuu lililokatika Mtambile. Tusipouliza sisi, haliulizwi.

Kazi yenyewe itakuwa hivi. Msimu wa kwanza ni kuandika tu: nani kapanda, mti una urefu gani, matawi yalikuwa makavu au yana mvua, alipanda kwa ngazi au kwa kamba, saa ngapi, na alikuwa amechuma pishi ngapi. Msimu wa pili mashamba yapigiwe kura; nusu yapewe mikanda ya kujifungia, nusu yaendelee kama desturi. Najua wengine watasema ni dhuluma kuwanyima nusu. Lakini hatujui kama mkanda ni kinga. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika. Huenda aliyejifunga nalo akaanguka pamoja nalo, hali aliye huru angerukia tawi jingine. Likionekana dhara, mikanda ivuliwe mara moja, kama chuma kilivyosimamishwa.

Kamati imeweka masharti. Kazi isianze kabla ya ruhusa ya maadili kutoka Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Hakuna mchumaji atakayelazimishwa, wala jina lake halitatangazwa. Hesabu ya fedha isomwe mkutanoni kila msimu. Matokeo yasomwe kwetu kwa Kiswahili, barazani, na mwenye swali aulize. Chuo nacho kimetaka sharti moja, nami naliunga mkono ingawa baadhi ya wajumbe walikunja uso: tusiwazuie kuchapisha jambo lisilotupendeza. Huenda ikaonekana kwamba kosa ni letu wenye mashamba, kwani twalipa kwa pishi, na mwenye kulipwa kwa pishi hufanya haraka.

Shauri litapigiwa kura katika mkutano mkuu ujao. Kabla ya siku hiyo, kila aliyeanguka msimu uliopita, au aliyemwona mwenziwe akianguka, afike kwa karani wa tawi lake aandikishe siku, saa, urefu wa mti, na kitu alichokuwa amekishika mkononi. Kwa aliye kitandani, karani atamfuata nyumbani.