Maumivu ya Mzazi Baada ya Upasuaji: Si Upungufu wa Subira



Ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali yanayoletwa na akina mama baada ya darsa hapa Eldoret, lipo moja linalorudi mara kwa mara, tena kwa sauti ya chini: je, mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji akilalamika maumivu, amepungukiwa na subira?

Swali hili halizuki bure. Familia nyingi za pwani zimehamia huku bara kwa kazi na biashara. Binti akijifungua, mama yake au mavyaa hupanda basi kutoka Mombasa au Malindi kuja kumuuguza hadi arubaini yake itimie. Huja na mkaja, viungo vya uji na mapenzi tele. Lakini mama aliyezaa watoto wake wote kwa njia ya kawaida huenda asielewe kwa nini mkwewe ashindwe kuinuka kitandani siku ya tatu. Neno moja tu, kwamba sisi tulizaa na siku ya pili tukateka maji, latosha kumfunga mzazi mdomo. Na mdomo ukifungwa, hatari hufichika.

Yafaa basi tujue mwili huo umepitia nini.

Kazi ya uvimbe

Upasuaji wa kujifungua ni upasuaji mkubwa. Daktari hupasua ngozi, mafuta yaliyo chini yake, utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, kisha mji wa uzazi wenyewe. Wengi wa wazazi wa mji huu hufanyiwa kazi hiyo katika hospitali ya Riley Mother and Baby, iliyofunguliwa mwaka 2009 ndani ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo hupokea wagonjwa kutoka sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya.

Pindi nyama inapokatwa, mwili hutuma walinzi wake. Mishipa ya damu hupanuka, chembe nyeupe za damu hukimbilia jeraha, na pahali pale huwa pekundu, pa moto, pamevimba na panauma. Katika kazi hiyo mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizi huifanya mishipa ya fahamu kuwa myepesi kushtuka. Ndiyo maana kikohozi kidogo, au hata kicheko, humuuma mzazi kana kwamba amechomwa kisu.

Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alieleza kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi huo. Brufen na diclofenac hupita njia hiyo hiyo. Panadol hufanya kazi kwa namna nyingine, na kwa hivyo daktari aghalabu huziandika mbili pamoja, ili kila moja isaidie pale ambapo nyenziwe haifiki.

Hata hivyo, uvimbe huu si adui mtupu. Ndio unaosafisha jeraha na kuanza kulijenga upya. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, nchini Kanada, walitoa uchunguzi juu ya maumivu ya mgongo ulioashiria kwamba chembe za uvimbe wa siku za mwanzo huenda zikasaidia maumivu yasigeuke kuwa ya kudumu. Uchunguzi huo haukuhusu wazazi, wala haumpi mtu ruhusa ya kuacha dawa alizoandikiwa. Unatufundisha tu kwamba mwili una hekima katika kuuma kwake, nayo dawa inakuja kuupunguzia ukali.

Kazi ya homoni

Wakati wa mimba, kondo la nyuma hutengeneza homoni za estrojeni na projesteroni kwa wingi mkubwa. Kondo likishatolewa, homoni hizo hushuka kwa kasi katika siku chache. Nazo si za uzazi peke yake, kwani hugusa pia mishipa ya fahamu na chembe zinazoendesha uvimbe. Kwa hivyo mzazi huwa na jeraha bichi katika siku zile zile ambazo homoni zake zinaporomoka. Watafiti wangali wanapima athari ya mabadiliko hayo kwa maumivu ya kila mwanamke, lakini kwamba yapo, hilo halina shaka.

Ipo pia oksitosini, homoni inayotoka mtoto anaponyonya. Huteremsha maziwa na wakati huo huo huukaza mji wa uzazi ili damu ipungue. Mzazi husikia msokoto wa tumbo ambao bibi zetu huuita chango, na kwa kawaida huzidi kila mtu anapoongeza uzazi. Asidhani kwamba mshono umefumuka. Tena homoni hii ina upande wa rehema: katika majaribio yaliyofanywa kwa panya, wale waliokuwa wametoka kuzaa walipata maumivu machache zaidi baada ya mshipa wa fahamu kujeruhiwa, na oksitosini ilionekana kuwa na mkono katika jambo hilo.

Ya tatu ni kotisoli, ambayo hupanda mwili unapopatwa na mshtuko wa upasuaji, na ambayo kwa asili husaidia kuudhibiti uvimbe. Hofu na kukosa usingizi huivuruga hali hii na kuzidisha maumivu. Hapa ndipo maneno ya nyumbani yanapoingia. Mzazi anayesimangwa halali vizuri, na asiyelala huumwa zaidi.

Subira ina maana gani?

Katika Qur'ani tunasimuliwa habari ya Bibi Maryam, radhi za Mungu zimshukie, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende. Alitamka maumivu yake waziwazi, wala hakukemewa. Aliliwazwa, akaonyeshwa maji na tende. Nabii Ayub, amani iwe juu yake, alimshtakia Mola wake madhara yaliyompata, na bado amesifiwa kwa subira. Na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, aliwahimiza watu watafute matibabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliainisha aina 15 za maumivu na akaeleza dawa za kuyatuliza. Hawa ndio wakubwa wetu, na hakuna aliyeyahesabu maumivu kuwa aibu.

Sheria nayo imempunguzia mzazi mzigo: katika nifasi hana sala wala saumu. Akitwaharika naye bado hawezi kusimama, ataswali ameketi. Ikiwa Mola amempunguzia, sisi ni nani tumwongezee?

Nyumbani tufanye nini

Mzazi ameze dawa kwa saa alizoandikiwa, asingoje maumivu yapande ndipo atafute kidonge. Panadol na brufen kwa kipimo cha daktari hazimzuii kunyonyesha. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au aliyekuwa na shinikizo la damu katika mimba asitumie brufen bila kumuuliza daktari. Dawa kali kama kodini na tramado zisinunuliwe dukani kiholela, kwani huweza kupita katika maziwa na kumdhuru mtoto.

Asaidiwe kuinuka na kutembea kidogo kidogo, ili damu isigande miguuni. Akikohoa, aushikilie mshono kwa mto mdogo. Kumkanda tumbo kwa maji moto juu ya jeraha bichi kusubiri: ngozi ya pale huwa imekufa ganzi, aweza kuungua asisikie. Mkaja nao usikazwe kabla ya kumuuliza mkunga.

Maumivu ya kawaida hupungua siku baada ya siku. Yakishapungua kisha yakazidi tena, au pakawa na homa, usaha au harufu mbaya kwenye mshono, damu nyingi, kichwa kuuma vikali, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Na yanayoendelea kupita miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani huyahesabu kuwa maradhi yenye jina lake katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Yana matibabu, na mwenye nayo ana haki ya kusikilizwa.

Basi enyi akina mavyaa na akina mama, na enyi waume, mzazi akisema anaumwa, muulizeni wapi na tangu lini. Swali hilo ni bora kwake kuliko hadithi za uzazi wetu wa zamani.

Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu wote, na awakuze watoto wao katika afya na dini. Amin.