Ningu, samaki wa mafuriko ya Simiyu

Wakitajwa samaki wanaohama, wengi huwaza bahari kuu: jodari na sulisuli wa Mkondo wa Pemba, wanaosakwa na boti zinazoburuta ndoano. Simiyu haina bahari. Ina kipande cha Ziwa Victoria upande wa Busega, kwenye Ghuba ya Speke, na mito ya msimu ambayo kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Lakini ziwa hilo nalo lina wahamaji wake, na njia yao ni mito. Aliyevuliwa sana kati yao alikuwa ningu.

Ningu hafiki nusu mita. Ana midomo minene ya kukwangua mwani kwenye mawe, na sehemu kubwa ya mwaka huishi ziwani, si mbali na ufuko. Mvua zikishuka nchi za juu na maji ya tope yakaanza kumiminika ghubani, hukusanyika kwenye mdomo wa mto na kupanda kwa makundi. Safari yenyewe ni ya kutaga. Hutafuta majani yaliyofunikwa na mafuriko pembeni mwa mto, na mayai yake huanguliwa kwa muda wa siku mbili hivi. Haraka hiyo ina sababu: maji ya mafuriko hayakai. Vifaranga visipowahi kurudi mtoni, dimbwi hukauka navyo. Geoffrey Fryer na Peter Whitehead walichapisha uchunguzi wa uzazi huo mwaka 1959.

Kumpata, basi, hakukuhitaji boti. Mvuvi alitazama mawingu na rangi ya maji. Kuzunguka ziwa, watu walijenga uzio wa fito na matete kukata mto, wakaacha nafasi za migono. Baadhi ya mitego ilimngojea anapanda, mingine anaposhuka akiwa ameshataga. Mto ukifurika zaidi, uzio ulizama au kubomoka, na samaki wengi wakapita. Udhaifu huo wa mtego ndio uliomlinda ningu kwa vizazi.

Kisha zikaja nyavu za makila. Ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, upande wa Kenya, na baadaye nailoni ikazifanya imara zaidi. Wavuvi walizipanga mbele ya midomo ya mito, wakati uleule ambapo majike yamejaa mayai. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alieleza anguko hilo kwenye mto Nzoia. Sangara hulaumiwa kwa mengi, naye alichangia kuwamaliza furu, lakini kwa ningu nyavu zilimtangulia.

Msomaji aliyeko Kanada anaweza kufikiria samoni wa mto Fraser. Mwaka 1914 mawe ya ujenzi wa reli yaliporomoka Hell's Gate na kuziba njia yao. Ngazi za kuwapitishia zilianza kutumika miaka ya 1940. Pale kizuizi kilionekana kwa macho. Wavu uliotegwa usiku hauonekani, na asubuhi umeshatolewa.

Wenyeji wa Bariadi, mbali na ziwa, wanamjua zaidi kambare mumi, ambaye naye husambaa mvua zikinyesha. Yeye huvuta hewa, hustahimili tope na dimbwi lenye joto. Ningu hana uwezo huo. Anahitaji mto unaopanda na kushuka taratibu, ilhali Simiyu, mto wa nchi ya pamba na ng'ombe, hujaa ghafla, huisha ghafla, na hubeba udongo mwingi hadi ghubani.

Kumzalisha kunawezekana. Mwaka 2004 Justus Rutaisire na Anthony Booth walichapisha njia ya kumtagisha ningu kizuizini kwa homoni, kazi iliyofanyika Uganda. Ila kifaranga wa bwawani akimwagwa ziwani, siku moja atautafuta mto, na atakutana na nyavu zilezile. Kufunga uvuvi kwenye midomo ya mito wiki za kwanza za mvua kungemfaa kuliko mabwawa mengi. Kwa mto Simiyu, hilo si la mkoa mmoja: maji yanatoka Bariadi na Maswa, mdomo uko Magu, mkoani Mwanza, na wavuvi wa Busega wanavua ghuba hiyohiyo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya pande zote mbili vingelazimika kukubaliana tarehe, kisha kuzilinda usiku.